Wissmann: Sanamu imeng'olewa, je, na fikra?

KWA miaka kadhaa sasa dunia imekuwa katika mjadala mkali juu ya masanamu ya watu wa zamani. Tarehe 9 Aprili 2015 sanamu ya Cecil Rhodes iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, baada ya wanafunzi kuipinga. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji mjini Bristol, Uingereza, waliiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa, wakaiburuta na kuitumbukiza bandarini. Mwezi huo huo sanamu ya Mfalme Leopold II iliondolewa mjini Antwerp, Ubelgiji.

Wapo wanaosema kuyaondoa masanamu hayo ni kufuta historia. Wapo wanaosema kuyaacha ni kuwatukana waliodhulumiwa. Sisi wa Dar es Salaam husoma habari hizi kana kwamba ni mambo ya Wazungu peke yao. Sivyo. Mji huu uliwahi kuwa na sanamu ya aina hiyo, na mtu wake anatuhusu sana sisi Waislamu wa pwani.

Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Siku moja tulikuwa tukisoma habari ya Mtume Muhammad (SAW) kuingia Makka mwaka wa 8 Hijria na kuyavunja masanamu 360 yaliyokuwa kwenye Al-Kaaba. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akauliza kuhusu ile sanamu ya Askari pale katikati ya mji: ni nani yule, nani alimweka, na kama na yeye alistahili kuvunjwa. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu la kutosha. Nilirudi nyumbani, nikaanza kusoma. Kusoma huko kukanifikisha kwa mtu aliyetangulia kusimamishwa katika mji huu kabla ya yule Askari: Hermann von Wissmann.

Alikuwa nani?

Wissmann alizaliwa tarehe 4 Septemba 1853 katika mji wa Frankfurt an der Oder, Prussia. Akaingia jeshini akiwa kijana, akawa afisa. Mwaka 1880 alifunga safari ya kuja Afrika pamoja na mtafiti Paul Pogge. Wakaanzia Luanda, pwani ya Angola, wakaingia bara hadi Kongo. Walipofika Nyangwe, mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ukingoni mwa mto Lualaba, Pogge akarudi na Wissmann akaendelea peke yake kuelekea mashariki. Akapita Tabora. Mwezi Novemba 1882 akatokea pwani ya Bahari ya Hindi, katika mji wa Saadani.

Ndugu msomaji, lishike hilo jina la Saadani, maana tutalirudia. Mgeni huyu alipita miezi mingi katika njia na miji ya Waislamu. Alipita kwa njia zao, alilala kwenye miji yao, na salama yake ilitegemea wao. Alipofika Ulaya akapokewa kama shujaa aliyelikata bara la Afrika kutoka magharibi hadi mashariki.

Baada ya hapo alichukuliwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, yule aliyeifanya Kongo kuwa mali yake binafsi. Wissmann akaichunguza nchi ya mto Kasai kwa niaba yake, na mwaka 1884 akaanzisha kituo cha Luluabourg, ambao leo ni mji wa Kananga. Katika miaka ya 1886 na 1887 akalivuka tena bara la Afrika. Wakati huo huo, huku kwetu mambo yalikuwa yanaiva.

Mwaka 1888 ulivyokuwa

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshapata hati ya ulinzi ya Kaisari tangu Februari 1885. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar akatia saini mkataba wa kuikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni hiyo. Wakazi wa pwani hawakuulizwa. Tarehe 16 Agosti 1888 maofisa wa kampuni wakaanza kuchukua madaraka ya miji, wakipandisha bendera yao na kudai ushuru.

Siku hizo zilikuwa za Idi el-Hajj ya mwaka 1305 Hijria. Pangani alipelekwa afisa mmoja kijana aliyeitwa Emil von Zelewski, ambaye watu wetu walimpa jina la Nyundo kwa ukali wake. Inasimuliwa kuwa katika siku hizo hizo za Idi, katika kumtafuta liwali, Wajerumani waliingia msikitini na mbwa. Mwislamu yeyote anaelewa maana ya kitendo hicho. Mambo ya ushuru, ardhi na biashara yalikuwepo, nayo yalikuwa mazito. Lakini la msikiti ndilo lililowakusanya watu waliokuwa hawapatani.

Kiongozi aliyejitokeza ni Bushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa Pangani. Saadani alisimama Bwana Heri bin Juma. Kilwa watu waliinuka, na Wajerumani wawili wa kampuni wakauawa. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 1888, miji iliyobaki mikononi mwa kampuni ilikuwa miwili tu, Bagamoyo na Dar es Salaam.

Kampuni ikashindwa, ikaomba msaada wa serikali yake. Hapa ndipo siasa ilipofanya kazi. Vita hivi vikapewa huko Ulaya jina la uasi wa Waarabu, na vikaelezwa kuwa ni vita vya wauza watumwa dhidi ya ustaarabu. Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha mark milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani. Na mtu aliyepewa fedha hizo na kazi hiyo akawa Wissmann, kwa cheo cha Kamishna wa Dola.

Jeshi la Wissmann

Sasa nafika mahali ambapo sisi Waislamu hatupendi kufika. Wissmann hakuja na jeshi la Wazungu. Alikwenda Misri akaandika askari kama 600 wa Kisudani, watu waliokuwa wametumikia jeshi la Misri na kubaki bila kazi baada ya Sudan kuchukuliwa na Mahdi. Akachukua na wengine kutoka kusini mwa Msumbiji. Maofisa wa Kijerumani walikuwa makumi tu.

Wale Wasudani walio wengi walikuwa Waislamu. Walikuwa wakisali kuelekea Kibla kile kile cha Bushiri. Na tarehe 8 Mei 1889, siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1306 Hijria, ndio walioivamia boma ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Zaidi ya watu mia moja wa upande wa Bushiri wakauawa siku hiyo. Mwislamu alikufa kwa risasi ya Mwislamu mwenzake katika mwezi wa kufunga, na mshahara wa aliyepiga ulitoka Berlin.

Mwezi Juni ikafuata zamu ya Saadani. Mji ule uliomwona Wissmann akitokea porini mwaka 1882, sasa ulimwona akija kwa bahari na mizinga. Ukapigwa. Mwezi Julai Pangani na Tanga zikachukuliwa. Bushiri alikimbilia bara, akashambulia kituo cha Wajerumani Mpwapwa, akatafuta washirika wapya, akashindwa. Mwishowe akasalitiwa na jumbe mmoja aliyemwendea kuomba hifadhi. Tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Bwana Heri aliendelea kupigana hadi Aprili 1890 alipokubali suluhu. Mwezi Mei Kilwa, Lindi na Mikindani zikachukuliwa.

Kaisari alifurahi. Mwaka huo wa 1890 Wissmann akapewa daraja la kikabaila, na ndipo jina lake likaongezewa lile neno la von. Jeshi alilolianzisha likawa mwaka 1891 jeshi rasmi la koloni. Meli iliyopelekwa Ziwa Nyasa ikapewa jina lake.

Mwaka 1895 alirudi akiwa Gavana wa koloni zima. Hakukaa sana, maana mwaka uliofuata aliondoka kwa sababu ya afya. Lakini mwezi Novemba 1895, chini ya utawala wake, Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua Wajerumani nyuma ya Kilwa, alinyongwa kwenye mwembe Kilwa Kivinje pamoja na wenzake. Mahali hapo wenyeji wanapaita Mwembe Kinyonga.

Wissmann alikufa tarehe 15 Juni 1905 huko Austria, akiwa na miaka 51, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe wakati wa kuwinda. Mwezi mmoja tu baadaye, Julai 1905, Vita vya Maji Maji vikaanza katika nchi ya Wamatumbi. Koloni aliloambiwa amelituliza halikuwa limetulia.

Safari ya sanamu

Mwaka 1909, miaka minne baada ya kifo chake, sanamu yake ya shaba ikazinduliwa Dar es Salaam. Wissmann alisimama juu, akitazama mbele. Chini yake aliwekwa askari Mwafrika anayemtazama juu bwana wake, na bendera ya Ujerumani ikifunika simba aliyekufa. Yaani mtu wa Mrima aliyekuwa akipita hapo kwenda sokoni alisomeshwa kila siku, bila mwalimu, nani yuko juu na nani yuko chini.

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliing'oa. Wasidhani wasomaji kuwa waliing'oa kwa kutuonea huruma. Waliichukua kama nyara ya vita, ikapelekwa London. Kisha ikarudishwa kwa Wajerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu. Koloni walikuwa wameshalipoteza, lakini sanamu ya bwana wa koloni ikaendelea kufundisha.

Ilidumu pale hadi miaka ya 1960. Mwaka 1967 wanafunzi wa Kijerumani wakaiangusha, ikarudishwa. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na safari hiyo haikurudi. Ikawekwa stoo. Mwaka 2004 ilitolewa kwa muda katika maonyesho bandarini Hamburg ili watu waijadili, na mwaka 2016 ikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho ya Historia mjini Berlin, ikiwa imelazwa, haikusimamishwa. Mwaka 2021 mtaa wa Berlin uliokuwa na jina la Wissmann ulibadilishwa na kuitwa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wetu mwanamke kutoka Moshi, miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika madaraka katika serikali ya Tanganyika huru.

Huku Dar es Salaam, Waingereza nao waliweka sanamu yao mwaka 1927, ndiyo hii ya Askari, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake ni kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Bwana wa juu hayupo tena, amebaki askari peke yake na bunduki yake. Lakini alipigana kwa ajili ya nani? Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi, hawana sura pale.

Tuseme nini sisi?

Nilipomaliza kusoma haya nilirudi darasani, na maoni niliyowapa wanafunzi wangu ndiyo ninayoyaandika hapa.

Kwanza, Uislamu una la kusema kuhusu masanamu kabla ya Bristol na Cape Town. Katika Sura Nuh yametajwa majina matano: Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas (RA) ameeleza kuwa hao walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuh (AS). Walipokufa, watu wakawekewa wazo la kusimamisha masanamu yao ili kuwakumbuka. Kizazi kilichoweka hakikuyaabudu. Elimu ilipopotea, kizazi kilichofuata kikayaabudu. Basi sanamu ikisimama na elimu ikaondoka, upotofu hufuata, hata kama aliyesimamishwa alikuwa mwema. Sembuse aliyekuwa dhalimu!

Kwa hiyo hoja ya kwamba sanamu ikiondolewa historia imefutwa haina uzito. Sanamu ya Wissmann haijasimama Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka mia moja, na bado habari zake zote hizi nimezipata. Historia inakaa vitabuni na vifuani mwa watu. Kinachokaa barabarani juu ya jiwe ni heshima. Kumwondolea mtu heshima asiyostahili si kumfuta. Waliomlaza chini makumbushoni, watu wakamtazama na kuelezwa alichofanya, naona walifanya jambo la busara kuliko hata kumyeyusha.

Pili, kung'oa shaba ni kazi rahisi. Fikra ndiyo ngumu. Vitabu vingi bado vinawaita waliopigana mwaka 1888 kwa jina walilopewa na adui yao. Wanafunzi wangu walilijua jina la Bushiri na tarehe zake kwa ajili ya mtihani. Hakuna hata mmoja aliyejua habari ya msikiti wa Pangani, wala kwamba boma ilivamiwa Ramadhani. Nenda Kilwa Kivinje: upo mnara wa wale Wajerumani wawili waliouawa mwaka 1888. Watu wangapi wanajua majina ya walionyongwa pamoja na Hassan bin Omari?

Tatu, na hili ni zito. Qur'an inatuamrisha kusimamia uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Basi tuseme kweli. Mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa, na Bushiri alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Wajerumani waliutumia utumwa kama kisingizio, maana baada ya kushinda hawakuupiga marufuku katika koloni lao. Lakini kisingizio hicho walikipata kwetu, hatukuzushiwa. Na jeshi lililotushinda lilijaa Waislamu waliouza bunduki zao kwa mshahara. Tukimlaani Wissmann peke yake na kuyanyamazia haya, tutakuwa tumejisimamishia sanamu yetu wenyewe, isiyoonekana, ya watu wasiokosea. Hiyo nayo inafaa kuvunjwa.

Kusema hivyo hakumwondolei Bushiri haki yake. Mtu anayetetea mji wake na msikiti wake dhidi ya mvamizi yuko katika haki katika jambo hilo. Hesabu ya mengine iko kwa Mola wake.

Nne, wapo vijana wetu wanaosema, kama Mjerumani alikuwa na sanamu basi na sisi tumwekee Bushiri yake. Nawaambia hapana. Wanazuoni walio wengi wamekataza kuchonga sura ya kiumbe chenye roho, na hatuna haja ya kumuiga aliyetutawala hata katika namna ya kukumbuka. Sisi tuna njia zetu. Tuna waqfu. Tuna madrasa, maktaba na visima vinavyopewa majina ya waliotangulia, vikaendelea kuwanufaisha watu huku wao wakiombewa dua. Tuna mashairi: Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliviandikia vita hivi utenzi mzima kwa herufi za Kiarabu, katika zama zile zile. Shaba ya Wissmann imelazwa stoo, utenzi wa Hemedi bado unasomwa. Lakini ni madrasa ngapi za Tanga, Pangani na Dar es Salaam zinazousomesha?

Pendekezo langu ni dogo na linawezekana. Kila msikiti mkongwe wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mikindani, ukusanye kwa wazee, maadamu wangali hai, habari walizosimuliwa na babu zao juu ya miaka ile. Ziandikwe, mazuri na mabaya, bila kupamba. Walimu wa somo la dini na walimu wa historia wakae pamoja wazitumie. Watoto wapelekwe Saadani, Pangani na Mwembe Kinyonga, waombe dua pale, waelezwe. Haya hayahitaji kibali cha Berlin wala bajeti ya serikali.

Yule kijana wangu nilimjibu hivi: Askari wa mjini tumwache asimame mpaka wenye mamlaka waamue vingine, maana hakuna anayemsujudia. Lakini kila unapopita pale na daladala, jiulize alipigana kwa ajili ya nani, na kabla yake nani alisimama katika mji huu akitazamwa kwa kuinuliwa macho. Siku ambayo abiria wote wa daladala ile wataweza kujibu maswali hayo mawili, sanamu ile haitakuwa na nguvu yoyote juu yetu.

Wabillahi tawfiq.